Dalali anasema ana "damu ya Urban Sea", ninunue?

SWALI: Daktari habari za kazi. Niko Nakuru, nauziwa farasi jike thorobredi (ile aina ya farasi wa mbio) wa mwaka mmoja. Kwenye karatasi ya ukoo baba wa babu yake mzaa baba... yaani juu kabisa kule upande wa madume, baba, babu, halafu Galileo, ambaye mama yake ni Urban Sea, kwa hiyo Urban Sea yumo, na jike mwingine wa zamani, Almahmoud, yumo mara kadhaa. Dalali anasema majike hao ndio wanaopitisha moyo mkubwa, ndo maana bei iko juu. Ila mama yake mwenyewe hakuwahi kushinda mbio. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hii ya moyo nimeisikia mpaka nimechoka, acha nianze nayo.

Ilianzia kwa Secretariat, farasi bingwa wa mbio wa Marekani. Alipokufa 1989 kule Kentucky daktari aliyempasua alikadiria moyo wake una kilo 10 hivi (alikadiria, hakuuweka kwenye mizani), wakati wa kawaida ni kama kilo 4. Sasa kwa vile wanawe madume hawakufika alikofika yeye, ila mabinti zake wakamzaa Storm Cat, A.P. Indy na Gone West, madume waliosifika, watu wakasema basi, moyo unapita kwenye kromosomu X (kromosomu ni kamba inayobeba jeni, jike ana X mbili, dume ana X moja na Y moja). Ni nadharia tu hiyo, jeni yenyewe hakuna aliyeionyesha mpaka leo. Lakini hebu tumkubalie dalali. Dume anampa mwanawe wa kiume Y, ile X aliyopewa na mama yake anawapa mabinti peke yao. Kwa hiyo X ya Urban Sea ilifika kwa Galileo, Galileo akazaa dume, ikaishia hapo hapo! Huyo wako haijamfikia hata chembe kwa njia hiyo. Kinachobaki ni sehemu 1 kati ya 16 ya damu, asilimia 6 na kidogo, na hiyo 6 hakuna anayejua ni ipi.

Simdharau Urban Sea jamani. Alishinda mbio kubwa za Arc kule Paris 1993, halafu akawazaa Galileo na Sea The Stars, wote wakachukua mbio za Derby kule Epsom, Uingereza, 2001 na 2009. Lakini Galileo alikuwa bingwa wa madume (yaani baba ambaye watoto wake walichuma zaidi kwenye mbio mwaka huo) Uingereza na Ireland mara 12, jina la mama yake limesambaa kila zizi. Almahmoud ndo usiseme, binti yake Natalma alimzaa Northern Dancer, binti mwingine Cosmah akamzaa Halo, baba yake Sunday Silence, na madume hao damu yao imesambaa sana, kwa hiyo kumsifu farasi wa leo kwamba ana Almahmoud ni kama mtu kujisifu kwamba ana babu.

Mama kutoshinda peke yake kusikutishe. Jike La Troienne wa Ufaransa alikimbia mara 7 hakushinda hata moja, akapelekwa Kentucky akawazaa mabingwa Bimelech na Black Helen, na mabinti zake wakaendeleza. Unachotakiwa kuuliza ni hicho: mama wa huyu mtoto kazaa nani mwingine, walikimbia wapi, wakapata nini? Bibi mzaa mama je? Soma ule mstari wa chini kabisa kwenye karatasi, wa upande wa mama, ndo dalali anaufunika na kidole. Na akikwambia "ndugu yake alishinda Ngong" (uwanja wa mbio wa Nairobi) muulize ni mama mmoja au? Kwenye biashara hii wa baba mmoja hawahesabiwi ndugu, dume anapanda majike 150 kwa msimu na jike anazaa mmoja kwa mwaka. Kabla ya hela kutoka mwite vet apige eksirei miguu na aangalie koo.

Na nyie wengine mnaoniuliza mbegu zilizogandishwa za "mjukuu wa Urban Sea" mnazouziwa kwa simu, acheni. Thorobredi lazima dume ampande jike mwenyewe, kupandikiza mbegu kwa sindano hakuruhusiwi, kuhamisha kiinitete (mimba changa) kwenda kwa jike mwingine hakuruhusiwi, hata kama mbegu ni halali kabisa na karatasi zake zinang'aa. Mtoto atakayezaliwa hasajiliwi kama thorobredi nchi yoyote na mbio za thorobredi hataingia, utakuwa umenunua farasi wa kupigia picha harusini.