Pasi ya mwaka: anza na karatasi ya zamu

Shule zinakaribia kufungwa, na barua nyingi zinazonifikia wiki hizi kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani zinauliza jambo lile lile: tununue pasi ya mwaka ya kuingilia bustani za michezo za Disney au Six Flags, au tuiache? Nimechagua sita nizijibu leo.

Shikamoo shangazi. Naishi Kissimmee, karibu na Disney ya Florida, nafanya usafi hotelini. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko nyumbani wikiendi mbili kwa mwezi. Watoto ni watatu, wa miaka 9, 5 na 2. Wenzangu kazini wanasema nikienda Disney mara nne tu, pasi ya mwaka imesharudisha hela yake. Ni kweli? – Mama wa watatu

Marahaba mwanangu. Wamekuambia nusu ya hesabu.

Bila shaka wanaisema pasi ya bei ya chini kabisa, Pixie Dust, ambayo huuzwa kwa wakazi wa Florida peke yao. Ilipotoka Septemba 2021 ilikuwa dola 399 kabla ya kodi. Imepanda tangu hapo, kwa hiyo kwa kurahisisha hesabu tuseme dola 500 kwa kila mtu. Wa miaka 2 usimnunulie kitu, maana chini ya miaka 3 wanaingia bure. Wa miaka 5 analipiwa sawa na wewe, kwa sababu pasi za mwaka hazina bei ya mtoto. Kwa hiyo ninyi watatu ni dola 1,500, na baba bado hayumo.

Wenzako wanachukua hizo 500 na kuzigawa kwa tiketi ya siku moja. Tiketi ikiwa dola 125, jibu ni siku 4. Lakini mkazi wa Florida mwenye akili ya kubana matumizi hanunui tiketi za siku moja moja. Disney huwatolea wakazi tiketi za siku 3 au 4 kwa bei iliyopunguzwa, na ukigawa, kila siku inashuka mno. Tuseme imekuangukia dola 60. Hapo pasi hairudishi hela yake mpaka siku ya 9. Ukiongeza maegesho, ambayo mwenye pasi halipi na wengine hulipa kama dola 30 kwa gari, inashuka mpaka siku ya 8. Kwa hiyo namba yako ni 8, si 4.

Sasa toa karatasi yako ya zamu, uiweke mezani kando ya kalenda ya shule. Pixie Dust haifanyi kazi wikiendi, wala katika misimu ya sikukuu kubwa kama Krismasi. Kama ofu zako ni Jumanne na Jumatano, pasi inakuruhusu, lakini siku hizo watoto wako darasani. Baba akirudi wikiendi, pasi imefungwa. Kinachobaki ni likizo ya kiangazi, kama wiki kumi hivi, wakati ambao hoteli zinajaa wageni na meneja anakuomba uongeze zamu. Wewe mwenyewe unajua kama huwa unakubali. Mimi naona wengi wetu tunakubali, kwa sababu zile saa za ziada ndizo zinazotumwa nyumbani.

Kuna jambo moja linaloitetea pasi kwa mtu wa Kissimmee, nalo ni ukaribu. Tangu Aprili 2023 wenye pasi wanaweza kuingia baada ya saa 8 mchana bila kuweka nafasi mapema, isipokuwa Magic Kingdom, moja ya bustani zao, siku za Jumamosi na Jumapili. Mtoto akitoka shule mnaweza kwenda kwa masaa matatu tu, mkapanda michezo miwili, mkatazama fataki, mkarudi kulala. Aliyesafiri kutoka mbali hawezi kufanya hivyo. Tena Disney inakuruhusu kuingia na chakula chako, mradi kisiwe kwenye chupa za kioo. Beba chapati na sambusa, maana chakula cha ndani kwa watu wanne kinakula akiba yote ya pasi.

Hesabuni pamoja wewe na mzee. Mkipata siku 8 mlizoziandika kwa kalamu kwenye kalenda, nunua na mfurahi. Mkipata tano, chukua tiketi ya siku 4.

Shangazi, nilichukua pasi za Disney za malipo ya kila mwezi kwa ajili ya familia. Kazini wamenipunguzia masaa, na tangu Januari hatujakanyaga huko. Naweza kusimamisha malipo? – Dada wa Orlando

Pole sana, mdogo wangu. Kwa kawaida huwezi. Neno «kila mwezi» limewafanya wengi waone pasi kama simu ya kulipia kadri unavyotumia, lakini ulichosaini ni deni la mwaka mzima lililokatwa vipande. Ukiifunga kadi ya benki ili wasikate, deni linabaki, na linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni na kuchafua rekodi yako ya mikopo. Rekodi hiyo utaihitaji siku unapotafuta nyumba au gari. Piga simu, eleza umepunguziwa masaa, uliza kama wana njia yoyote, na uombe jibu kwa maandishi.

Jambo la pili, soma mkataba wako ujue mwezi wa 12 ukiisha kinatokea nini. Kuna pasi zinazokoma zenyewe, na kuna zinazoendelea kukata mwezi baada ya mwezi mpaka useme basi. Hili lilinipata mimi, kwenye bustani ambayo sitaitaja. Watoto walikuwa wamekwishaacha kuipenda, nami nikakatwa miezi mitano zaidi kabla sijaiona kwenye taarifa ya benki. Weka kengele kwenye simu, mwezi mmoja kabla ya mwaka kutimia.

Na kwa kuwa hizo hela zinakatwa mtake msitake, nendeni. Hata kwa masaa mawili tu, jioni moja ya Jumatano. Usiwaache watoto wakose vyote viwili.

Mambo shangazi. Tuko vijana wanne, Arlington, Texas. Pasi ya Six Flags inafaa? – Kijana wa Arlington

Inafaa, mwanangu. Ninyi hamna ratiba ya shule ya kuwafunga, na Six Flags Over Texas, iliyofunguliwa 1961, iko hapo hapo mjini kwenu. Pasi zao ni nafuu mno ukilinganisha na za Disney, na mara nyingi ukienda mara mbili au tatu imejilipa. Tazama kama maegesho yamo ndani ya pasi mnayoichagua, kisha jipangeni mwende na gari moja. Chakula chenu hamtaruhusiwa kuingia nacho, basi kuleni kabla.

Msikimbilie kununua Juni. Kuelekea mwisho wa kiangazi huwa wanaanza kuuza pasi za mwaka unaofuata, na aliyenunua huruhusiwa kuingia miezi iliyobaki ya mwaka huu pia. Mnapata Septemba mpaka Desemba juu ya mwaka mzima, na mnakwepa joto la Julai, ambalo kwa mtu aliyesimama foleni juani si la kuchezewa.

Shangazi, tunaishi karibu na Cincinnati. Tunapanga wiki moja ya Disney, Florida. Shemeji yangu anasema ninunue pasi ya mwaka kwa sababu tunaweza kurudi. – Baba Ohio

Mwulize shemeji mtarudi lini, kwa tarehe. Kwa asiye mkazi wa Florida, na asiye mwanachama wa mpango wao wa nyumba za likizo, pasi iliyopo ni moja, Incredi-Pass. Ilianza 2021 kwa dola 1,299 na sasa imepita 1,500 kwa kila mtu. Wiki moja haiwezi kuilipa, kwa sababu tiketi za siku nyingi hushuka bei kadri siku zinavyoongezeka.

Inaweza kuwafaa kwa njia moja tu. Mwaka wa pasi si Januari mpaka Desemba, unahesabiwa tangu siku inapoanza kutumika. Mkienda Julai mwaka huu na mkarudi Juni mwakani, safari zote mbili zimo ndani ya pasi moja. Lakini usisahau mafuta ya gari au ndege mara mbili, na hoteli mara mbili. Kama likizo yako kazini ni wiki mbili kwa mwaka, na moja umeitunza kwa ajili ya kwenda kumwona mama nyumbani, hiyo safari ya pili haipo.

Tena mnayo bustani ya michezo ya Kings Island pale Mason, iliyofunguliwa 1972, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwako. Pasi ya hapo mngeitumia Jumamosi yoyote ya kiangazi bila kuomba ruhusa kazini. Ingekuwa hela yangu, ningeiweka hapo.

Shikamoo. Mama yangu anakuja kutoka Moshi kukaa nasi Orlando miezi mitatu. Nimnunulie pasi naye, au atumie ya mume wangu siku akiwa kazini? – Binti yake

Marahaba. Ya mume wako hapana. Pasi ina jina la mtu mmoja, na langoni Disney husoma kidole cha mwenyewe. Usimtie bibi aibu ya kurudishwa mlangoni mbele ya wajukuu.

Kumnunulia yake pia hapana. Pasi ya wakazi inadai uthibitisho kwamba unaishi Florida, naye ni mgeni. Mchukulie tiketi ya siku moja, katikati ya juma, muwahi asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkodishieni kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri, maana huko mtu hutembea kilomita nyingi bila kujua, na wazee wetu hawasemi wamechoka mpaka miguu imevimba.

Siku nyingine mpelekeni Disney Springs, eneo lao la maduka na mikahawa. Kuingia bure, kuegesha bure, na kuna maji na muziki na mahali pa kukaa. Bibi aliyevuka bahari hakuja kupanda treni za kupinduka angani, amekuja kuona wajukuu wakicheka, na pale atawaona.

Shangazi, mwanangu wa miaka 8 analia. Darasani kila mtu ameenda Disney isipokuwa yeye. Tuna kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, na kodi ya nyumba inatushinda. Nikope nimpeleke? – Mama Houston

Mama, usikope. Na usione umemnyima mtoto. Umemlisha na umemlaza mahali salama katika nchi ya watu, na hilo naliheshimu kutoka moyoni.

Kadi hiyo hiyo ya EBT inafungua milango ambayo wengi wetu hatuambiwi. Tangu 2014 kuna mpango wa nchi nzima unaoitwa Museums for All. Makumbusho yaliyojiunga, yakiwemo mengi ya watoto, hukuingiza wewe na familia bure au kwa dola 3 au pungufu kwa kila mtu, ukionyesha kadi na kitambulisho. Fungua tovuti yao, andika jimbo lako, chagua mahali pa kuanzia. Mengine ni majumba makubwa yenye mifupa ya dinosaria, mitambo ya kuchezea, samaki wa kila rangi. Mwache mwenyewe achague kutoka kwenye orodha, umwandikie tarehe kwenye kalenda ya jikoni, Jumamosi ambayo huna zamu. Siku hiyo simu iwe mfukoni. Mnunulie kitu kidogo cha kubeba darasani Jumatatu, hata penseli yenye jina la mahali, ili naye awe na la kuwasimulia wenzake.