Stika za kichwa cha treni zinaweka ukungu

SWALI: Shikamoo anko. Nipo Moshi, nina kitreni cha mfano cha HO, kile kilichopunguzwa mara 87 (1:87), kichwa nimekipiga maruni kama zile injini za mvuke za Garratt za East African Railways, sasa nikibandika stika za maji za namba, zikikauka pembeni zinabaki na weupe flani kama ukungu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Stika haina kosa, rangi yako ndo haing'ai, ina vikwaruzo vidogo vidogo hewa inanasia humo chini ya stika. Ulitakiwa upige vanishi ya kung'aa kwanza, ikauke mpaka kesho yake (najua haraka zenu), ndo uloweke stika, uitelezeshe na brashi yenye maji mpaka ikae, kisha ukamulie na kitambaa taratibu. Hizo ulizoshabandika usibandue, zitoboe tobo na ncha ya sindano, pakaa dawa ya kulainishia stika, zitalala zenyewe. Vanishi isiyong'aa inakuja mwisho kabisa.

Halafu umeandika namba gani? Maana zile Garratt za klasi 59 zilikuwa 34 na zilipewa majina ya milima, 5903 ni Mount Meru, usije ukawapa ushindi watu wa Arusha bure.