Jina la shamba la ukoo: msimwandikishe kaka peke yake!

Ndugu, simama hapo hapo. Umeuliza shamba la Masindi liitwe jina la babu yenu au la kile kilima, bango liwe la mbao au la bati, na historia ya jina iandikweje. Halafu unadokeza tu, kama jambo dogo, kwamba "kaka mkubwa ataliandikisha URSB, ile ofisi ya Uganda ya kusajili biashara, kwa jina lake, ndiye yuko Kampala." Hilo dogo ndilo litakalowamaliza.

Sisi ni wa Bweyale. Jina la shamba letu hatukukaa kikao kulitafuta. Babu alikuwa akiuza mahindi kando ya barabara ya Gulu, na debe lake halikupigwa ubao juu hata siku moja, lilijazwa mpaka linamwagika. Wachuuzi wakazoea kusema "twende Debe Jaa." Sisi wajukuu tuliona haya, tulitaka jina la Kizungu. Babu akagoma, Mungu amrehemu.

Basi akatokea shemeji mmoja, mjuaji wa makaratasi, mtu wa kwenda hata msalani na mkoba. "Mwandikisheni kaka peke yake, mengine mtarekebisha baadaye." Baadaye! Hakusema kwamba jina la biashara likiandikishwa na mtu mmoja, mwenye biashara ni yeye, si ukoo. Tukamsikiliza. Akaunti ya benki ikafunguliwa, saini moja. Kaka yetu akaanza kununua mahindi popote, mabichi, yaliyoanikwa chini bila turubai, akiyatia kwenye magunia yenye chapa ya Debe Jaa. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti, lakini wanunuzi wetu walikuwa wameshaingiwa na hofu. Yetu makavu yakakataliwa pamoja na uchafu wake. Tukamwambia aache kutumia jina la babu, akatutolea cheti. Na cheti ni halali, hakuna cha kubisha! Leo tunauza kwenye magunia yasiyo na chapa, kama watoto wa kuokotwa.

Wala msidhani cheti hicho kinalinda ardhi. Hilo ni jambo jingine kabisa. Kama yenu ni ya kimila, Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu familia, si mtu mmoja tu, kuomba cheti cha umiliki wa kimila.

Kwa jina, fungueni kampuni, kila mrithi awe na hisa zake, na dada zenu walioolewa wasiachwe nje. Benki iwe na saini zaidi ya moja. Andikeni pia nani anaruhusiwa kutia chapa kwenye gunia. Kaka akinuna, anune sasa hivi kabla hajashika cheti.

Wakili mtafute wenyewe. Mimi ninaye shemeji tu, na Krismasi hii anakuja tena na mkoba wake.