Kiungulia baada ya POEM, nawajibu

Swali: Nilikuwa na akalasia, chakula kinakwama kifuani, nikafanyiwa POEM. Sasa nameza vizuri ila usiku kifua kinawaka. Walikosea?

Hapana ndugu yangu. Mlango wa chini wa umio, yaani njia ya chakula, ulikuwa umekaza, wakapitisha kamera mdomoni wakaikata ile misuli chakula kishuke, ndiyo POEM yenyewe, sasa mlango ukishalegea si chakula tu kinachopita, na asidi inapanda. Wenye akalasia wanaofanyiwa upasuaji wa kupitia matundu madogo tumboni kwa kawaida wanakunjiwa kipande cha mfuko wa chakula kwenye umio kiwe kizuizi, POEM ya kawaida haina hicho. Utafiti wa 2019 ulilinganisha hizo njia mbili: baada ya miezi 3 waliokutwa na vidonda vya asidi kwenye umio ni 57% kwa POEM na 20% kwa upasuaji, baada ya miaka 2 ikawa 44 kwa 29.

Swali: Mi sisikii kiungulia kabisa, kamera nirudie ya nini?

Hili ndo linaniogopesha kuliko la kwanza. Wengi wanaokutwa na vidonda hawakuwa wanasikia chochote, na akalasia imeshaua ule msukumo wa umio, kwa hiyo asidi ikipanda hakuna wa kuirudisha chini, inakaa hapo hapo masaa. Alafu kuna wenzako kifua kinawaka kweli lakini wakipimwa asidi kwa masaa 24 haipo, ni chakula kimelala kwenye umio kikachacha. Kwa hiyo usijipime kwa kusikia, rudi wakaangalie.

Swali: Omeprazole nakunywa nikishakula, mbona haisaidii?

Kunywa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula bana! Ile dawa inazima pampu za asidi, na pampu zinaamka ukila, sasa we unaipeleka zimeshafanya kazi. Usile masaa 3 kabla ya kulala, na inua kitanda chenyewe upande wa kichwa, sio kurundika mito ukajikunja tumbo.

Swali: Umepita mwaka, chakula kimeanza kukwama tena. Niongeze dozi?

Usiongeze mwenyewe. Inawezekana asidi imeacha kovu umio ukawa mwembamba, au kuna misuli haikukatwa yote, na hayo mawili tiba zake hazifanani kabisa, kwa hiyo ni kamera na picha ya kumeza bariamu, ile dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei, kwanza. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami usisubiri miadi, nenda emajensi siku hiyo hiyo.