Laini Inakatiza Shamba, Nyumba Haina Umeme

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, laini kubwa ya umeme ya kutoka Singida kwenda Namanga inakatiza shamba letu, na miembe iliyokuwa chini yake ilikatwa yote. Nyumbani bado tunawasha kibatari. Kwa nini tusiunganishwe kutoka kwenye mnara ulio hatua chache na mlango wetu?
Msomaji, Mkoa wa Manyara

JIBU: Ndugu msomaji, laini hiyo imejengwa kwa msongo, yaani nguvu inayosukuma umeme, wa kilovoti 400 (voti 400,000), ilhali taa yako inahitaji voti 230. Msongo hupandishwa kwa makusudi, kwa sababu msongo ukiwa mkubwa, mkondo unaohitajika kubeba umeme uleule huwa mdogo, na upotevu wa umeme njiani hutegemea mraba wa mkondo huo (mkondo ukipungua nusu, upotevu hupungua hadi robo). Umeme uleule ukipitishwa katika waya uleule kwa kilovoti 33, utakaopotea ni karibu mara 147 ya ule unaopotea kwa kilovoti 400. Kuushusha hapo shambani kungehitaji kituo kizima cha kupoza umeme, chenye transfoma kubwa na mitambo ya kuilinda, na gharama hiyo haibebeki kwa ajili ya kijiji kimoja. Umeme wa vijijini hutoka katika vituo vya aina hiyo vilivyokwisha kujengwa, ukafuata laini za kilovoti 33 au 11 hadi kwenye transfoma ndogo. Swali la kuwauliza viongozi wenu, basi, ni lini laini hiyo ndogo itawafikia, na hapo mna haki ya kudai jibu lenye tarehe.

Laini inayowapita ni kiungo cha Tanzania na Kenya, takribani kilomita 510 kutoka Singida hadi Isinya nchini Kenya, kilichowashwa Desemba 2024. Huko Kenya gridi inapokea pia umeme wa Ethiopia huko Suswa, kwa laini ya kilomita 1,045 inayotumia mkondo wa moja kwa moja, kama wa betri; hiyo ndiyo ngumu zaidi kuichota njiani.

Kuhusu miembe, umeme wa msongo huo huweza kuruka hewani bila tawi kugusa waya, na waya wenyewe hulegea na kushuka unapopata joto. Ndiyo maana mkuza, yaani ukanda wa ardhi ulio chini ya laini, husafishwa, ingawa mazao mafupi kama maharage kwa kawaida huruhusiwa. Ulizeni kabla ya kupanda. Miti iliyokatwa ilistahili kuhesabiwa katika fidia. Hakikisheni kila mwembe umeandikwa katika fomu yenu ya uthamini, na usipokuwamo, pelekeni malalamiko kwa maandishi kupitia ofisi ya kijiji.