Kamera ya chini ya maji: anza na lenzi, bodi ije mwisho

Mtu akitaka kuanza kupiga picha chini ya maji huuliza kwanza anunue kamera gani. Mimi humrudishia swali: unataka kupiga nini? Kasa anayepita juu ya matumbawe, au kamba mdogo kama ukucha aliyejificha ndani ya matumbawe hayo? Ukishajua hilo, lenzi inajulikana. Lenzi ikijulikana, unajua na kioo cha mbele cha kasha (sanduku lisiloingiza maji linalobeba kamera) kiwe cha namna gani. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, huja mwishoni, ingawa ndiyo watu wanayokesha wakiilinganisha megapikseli.

Sababu ni maji yenyewe. Maji hula mwanga, na huanza na rangi nyekundu. Ukifika mita 5 imeshafifia sana, na kwenye mita 10 kitu chekundu kinaonekana cha kijivu au kahawia. Wengi hudhani hayo ni mambo ya kina tu, wakasahau umbali. Flashi yako ikimmulika samaki aliye mita 2 mbele, mwanga unakwenda mita 2 na kurudi mita 2, maana yake umepita kwenye mita 4 za maji, na wekundu mwingi umebaki njiani. Tena katikati kuna chembe za mchanga na planktoni, na kila chembe iking'aa inakuwa doa jeupe kwenye picha, kama taa za gari zinavyomulika ukungu. Kwa hiyo sogea karibu, halafu sogea tena. Lenzi ndefu kama 70–200mm, inayopendwa sana nchi kavu, iache nyumbani: kazi yake ni kupiga vya mbali, na vya mbali huku havipigiki.

Zinabaki lenzi za aina mbili: pana sana, na makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu.

Katika zile pana, naipenda ya jicho la samaki kuliko zote. Nchi kavu inapinda kuta na nguzo hadi inakera, lakini baharini hakuna kuta, na tumbawe likipinda kidogo nani atajua? Inaona karibu nyuzi 180 kutoka pembe hadi pembe, na inashika fokasi kitu kikiwa karibu kugusa kioo. Unaweza kumsogelea pweza hadi umbali wa mkono na bado mwamba wote ukaonekana nyuma yake. Tokina 10–17mm imewahudumia wazamiaji wenye kamera za APS-C, yaani zenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo kiasi, kwa miaka mingi, na Canon na Nikon kila moja imetoa 8–15mm kwa sensa kubwa.

Lenzi pana hukaa nyuma ya kioo cha kuba, kilichobinuka kama nusu ya mpira, na hapa mgeni huchanganyikiwa. Ukiweka kioo bapa, maji yanakuza kila kitu kwa takriban theluthi moja na kuminya upana wa lenzi, na kingo za picha hutoka na rangi zilizoachana. Kuba linakurudishia upana wako, ila lina masharti. Linatengeneza taswira ya kitu karibu sana mbele ya kioo, hata kama kitu chenyewe kiko mbali, na lenzi inalazimika kushika fokasi kwenye taswira hiyo. Lenzi isiyoweza kufokasi karibu itakuangusha, hata iwe ghali vipi. Kabla ya kulipa, soma kwenye vipimo vyake umbali mfupi kabisa wa kufokasi. Pembe za picha nazo huwa na ukungu nyuma ya kuba, hivyo funga tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/8, f/11 au zaidi (namba ikikua, tundu linakuwa dogo). Lenzi pana za kawaida, kama 16–35mm, hudai kuba kubwa. Jicho la samaki hulivumilia hata dogo.

Makro ni rahisi kuanza nayo. Hukaa nyuma ya kioo bapa, na ule ukuzaji wa maji unakuwa faida. Wanyama wake wengi hawakimbii, na mwanga wote unatoka kwenye flashi, kwa hiyo kina hakikusumbui. Kwa APS-C ningekushauri 60mm kwanza. Ile ya 100 au 105mm inakupa nafasi kwa viumbe waoga, lakini eneo lake lenye fokasi ni jembamba na mkono ukitikisika kidogo tu jicho la kiumbe unayempiga limetoka nje ya fokasi.

Kamera ndogo za mfukoni usizidharau. Olympus TG-6 na OM System TG-7 huzama mita 15 bila kasha na mita 45 ndani ya kasha lake, zinafokasi hadi sentimita 1 na kutoa faili ghafi (RAW). Kasoro yake ni kwamba hazina mfumo kamili wa kuamua mwenyewe tundu na kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga). Lakini unaweza kufunga lenzi ya nje, pana au ya makro, ukiwa majini na kuibadilisha hukohuko. Mwenye kamera kubwa akishuka na 60mm, hata papa potwe akipita, atapiga jicho lake tu.

Kabla ya kupandisha daraja la bodi, nunua flashi, ikiwezekana mbili, kwenye mikono mirefu, uzielekeze nje kidogo ili zisimulike maji yaliyo mbele ya lenzi. Tundu linadhibiti mwanga wa flashi, kasi ya shata inadhibiti ubuluu wa maji yaliyo nyuma. Kwa kamera nyingi za kubadilisha lenzi, ukitumia flashi usivuke kasi ya shata ya 1/200 au 1/250 ya sekunde.

Kasha hutengenezwa kwa modeli moja, kwa hiyo hakikisha lipo kabla hujanunua bodi. Bodi ya zamani yenye kasha la mtumba lililotunzwa si haba. Kila mita 10 huongeza shinikizo la angahewa moja, na unywele mmoja chini ya oringi (pete ya mpira inayoziba kasha) unatosha kuingiza maji. Safisha oringi, ipake grisi kidogo sana ya mtengenezaji wa kasha, na mara ya kwanza lishushe kasha tupu. Ukitoka, liloweke kwenye maji yasiyo na chumvi huku ukibonyeza vitufe vyote, chumvi itoke, na usilifungue kabla halijakauka.