Jibu: Mapishi baada ya kurudi Nairobi

Dada, umeuliza kama upishi wangu ulibadilika niliporudi kutoka London. Sana! Kule nilipika Jumapili chakula cha wiki nzima, nikajaza friza. Hapa mama mboga yuko langoni, ananikatia sukuma ya leo, kesho tutaonana tena. Friza sasa ni ya nyama tu.

Kilichonitoa jasho ni maharagwe. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Githeri, yaani mahindi na maharagwe pamoja, inakawia kuiva, gesi inakwisha (nililaumu mahindi bure). Loweka usiku kucha, tumia sufuria ya presha, au nunua yaliyochemshwa tayari sokoni. Mimi hununua.